Paa la turubai kwa modeli ya gari la wazi: mwongozo kamili wa kulitengeneza mwenyewe

Picha ninazotumiwa na wasomaji zinafanana mno. Gari limepakwa rangi vizuri, magurudumu yamekaa sawa, dashibodi imechorwa kwa subira. Kisha juu yake kuna paa nene lililoumuka kama andazi, lenye kingo zilizochanika, na mwanya kati yake na kioo cha mbele.

Chanzo ni kile kile karibu kila mara: mtu ameanza na kitambaa. Paa la gari la wazi hupata umbo lake kwenye matao ya chuma yaliyo ndani, na kitambaa huja baadaye kuvutwa juu yake. Modeli nayo inafuata mpangilio huo huo: matao kwanza, ngozi baadaye.

Mfano wangu hapa ni MGB ya viti viwili kwa skeli ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi, paa likiwa limefungwa. Nimelichagua gari hili kwa sababu paa lake lina kila kinachowasumbua watu: matao yanayojitokeza kidogo chini ya leksini (ngozi bandia ya plastiki), mishono inayoonekana, madirisha matatu ya plastiki laini, na upapi (ukanda mwembamba) wa chuma unaong'aa nyuma. Ukiliweza hili, Mazda MX-5 au gari jingine la wazi halitakushinda. Vipimo tu vitabadilika.

## Hesabu moja kabla ya kununua chochote

Leksini ya paa la gari halisi ina unene wa milimita 1 hivi. Gawanya kwa 24, unapata takriban milimita 0.04. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina karibu milimita 0.1, yaani kwa skeli hii ni sawa na leksini ya milimita 2.4. Kitambaa cha shati chenye milimita 0.3 kinageuka kuwa godoro la zaidi ya milimita 7.

Ndiyo maana kitambaa halisi hakifai, hata kiwe chepesi namna gani. Nyuzi zake pia zitaonekana nene kama kamba. Tunachotafuta ni karatasi nyembamba inayostahimili maji, nayo ipo jikoni: karatasi ya mfuko wa majani ya chai. Imetengenezwa isichanike ikilowa, na ikikauka na gundi inakaza. Tishu ya kawaida ni nyembamba pia, ila ikiguswa na brashi yenye maji inararuka mikononi.

## Vifaa

Kusanya vyote kwanza. Ukianza kutafuta wembe huku gundi inakauka, umeharibu.

- Mifuko ya chai isiyotumika, kama 6. Chagua ile inayofunguka kuwa utepe mmoja mrefu. Mwaga majani, inyooshe kwa pasi ya moto mdogo.
- Waya wa shaba wa milimita 1 hivi. Uti wa waya wa umeme wa nyumba wa 1 mm² unatosha ukivua ganda lake.
- Shiti ya plastiki ya stairini, milimita 0.5. Ukiikosa madukani, kata kopo la mtindi lenye namba 6 au herufi PS kwenye alama ya pembetatu. Namba 5 usiiguse: haishiki gundi ya modeli.
- Plastiki ya uwazi nyembamba kutoka kwenye vifungashio.
- Gundi ya modeli, gundi nyeupe ya mbao, na supaglu kidogo.
- Uzi wa kushonea wa poliesta, rangi nyeusi.
- Masking tepu, nailoni ya kufungia chakula, kadi ngumu, vibanio vya nguo.
- Wembe mpya au kisu chembamba cha kubadilisha makali, kibanio, koleo ndogo, keekee ya mkono yenye ncha ya milimita 1, msasa namba 600 na 1000.
- Brashi laini mbili, praima ya kijivu, rangi za akriliki, na karatasi ya fedha ya chokoleti.

## 1. Pata picha na vipimo

Tafuta picha za MGB paa likiwa juu: moja ya ubavuni kabisa, moja ya nyuma, moja ya robo tatu, yaani iliyopigwa kwa pembe ili pande mbili zionekane. Ya ubavuni ndiyo muhimu kuliko zote. Iwe imepigwa kwa mbali na kamera ikiwa usawa wa madirisha. Iliyopigwa karibu hupindisha mistari.

Ekseli hadi ekseli kwenye gari halisi ni milimita 2,311, kwa hiyo kwenye modeli inapaswa kuwa takriban 96.3. Pima yako. Kisha ikuze au ipunguze picha ya ubavuni mpaka umbali huo ulingane, uichape, na uchore mstari wa paa juu ya kadi. Kata kadi hiyo. Sasa una kigezo cha umbo.

Simamisha kigezo katikati ya gari na uangalie jicho likiwa usawa wa milango. Kwenye MGB mstari unatoka juu ya kioo cha mbele ukiwa karibu bapa, unafika tao la nyuma, kisha unateremka kwa mteremko mkali hadi sehemu ya juu ya buti. Hauna mviringo mkubwa.

Angalia: milimita 1 ya ziada kwenye modeli ni milimita 24 kwenye gari. Ukisita kati ya vipimo viwili, chukua kilicho chini. Paa la chini kidogo halisumbui jicho. La juu linaonekana toka mlangoni.

## 2. Linda bodi

Bodi iwe imeshapakwa rangi na kukauka kabisa. Funika sehemu ya nyuma na juu ya milango kwa nailoni, uibane kwa masking tepu, ifuate mikunjo ya bodi bila kuacha hewa chini. Wengine hupaka mafuta ya mgando moja kwa moja. Siwashauri: mafuta yakibaki hata kidogo kwenye ukingo wa paa, rangi itakataa kushika hapo na utajiuliza kwa nini.

Fremu ya kioo cha mbele ni nyembamba na ndiyo huvunjika. Iegemeze kwa kipande cha sponji juu ya dashibodi mpaka kazi iishe.

## 3. Upapi wa mbele

Huu ndio upapi unaokaa juu ya kioo cha mbele, na kosa la mwanya nililolitaja mwanzo linaanzia hapa. Watu hukata kipande kimoja cha plastiki, wanakikunja kifuate kioo, wanakibandika. Siku ya pili kimejinyoosha, kona zimeinuka.

Kata tepe mbili za stairini ya milimita 0.5, kila moja upana wa milimita 2. Lainisha ya kwanza kwa kuivuta taratibu juu ya mpini wa brashi mpaka ijikunje yenyewe, kisha ibane juu ya fremu ya kioo kwa vipande vya masking tepu. Paka gundi ya modeli juu yake, laza ya pili, bana tena, acha mpaka kesho. Tepe mbili zilizogundishwa zikiwa zimekunjwa haziwezi kurudi zilivyokuwa, kwa kuwa kila moja inaizuia nyenzake.

Gundi isivuke kwenda chini kwenye kioo. Na supaglu isitumike popote karibu na kioo: mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika.

Umefaulu ikiwa: ukiutoa upapi na kuuweka mezani unabaki na mkunjo wake, na ukiurudisha unakaa bila kubanwa, bila mwanga kupenya katikati.

## 4. Matao mawili

Shaba iliyotoka kwenye ganda ni laini na ina mawimbi. Shika ncha moja kwa koleo, nyingine ifunge kwenye kitu imara, vuta mpaka uhisi imejinyoosha kidogo. Inanyooka na pia inakuwa ngumu zaidi, jambo tunalolihitaji, kwani karatasi ikikauka itavuta matao kwa nguvu usiyoitarajia.

Chora tao kwenye karatasi ukiliangalia kutoka nyuma: juu karibu bapa na mwinuko kidogo katikati, kona fupi, miguu inayoshuka ikitanuka kidogo. Bandika mchoro kwenye kibao na upige misumari midogo kwenye kona. Kunja waya kuizunguka. Tao la nyuma liwe la kwanza, maana ndilo linalobeba umbo lote. La mbele liwe fupi kidogo na likae kati yake na upapi.

Miguu ya matao inaingia nyuma ya viti, pande mbili. Toboa matundu kwa keekee pale ambapo zulia litaficha, au kama hutaki kutoboa, gundisha vipande vidogo vya stairini vyenye tundu. Ingiza miguu bila gundi kwanza. Rudisha kigezo cha kadi na usukume matao chini mpaka mgongo wa kadi uguse yote mawili na upapi wa mbele kwa pamoja. Sasa weka tone la supaglu kwenye miguu, na uangalie kwamba usukani na vichwa vya viti haviguswi.

Kata upapi wa nyuma kwa stairini, upana wa milimita 1.5, ufuate mkunjo wa bodi mbele ya buti. Ushikize juu ya nailoni kwa masking tepu tu. Baadaye paa lote litatoka pamoja nao.

Kisha funga nyuzi mbili za poliesta kutoka upapi wa mbele, juu ya matao, hadi upapi wa nyuma, moja kila upande wa dirisha la nyuma. Gari halisi lina mikanda inayofanya kazi hiyo hiyo ya kushikilia nafasi ya matao. Kwenye modeli zinazuia pia karatasi isizame. Zikaze kiasi cha kutoa mlio ukizigusa, lakini tao lisiinamie mbele.

Paka matao na nyuzi rangi sasa. Baada ya kuvalisha hutayafikia.

## 5. Kata paneli kama fundi wa turubai

Karatasi, kama leksini, hukubali kukunjwa upande mmoja tu. Ukiilazimisha kuzunguka kona ya nyuma ya paa ikiwa kipande kimoja, itafanya makunyanzi, na hakuna gundi itakayoyaondoa. Mafundi wa paa wanalijua hilo. Ndiyo sababu paa halisi lina mishono. Tunahitaji paneli tatu: ya kati, inayotoka kioo cha mbele hadi buti, na mbili za pembeni.

Kupata umbo lake, funika mifupa yote kwa masking tepu, tepe zikipandana. Chora kwa penseli mahali mishono ilipo kwenye picha zako, pamoja na madirisha. Kata kwa kufuata mistari ya mishono, bandua kila paneli taratibu, ilaze juu ya nailoni iliyotandazwa.

Tepu itakuambia ukweli hapo. Ikilala bapa, paneli ni sahihi. Ikigoma na kufanya mkunjo, mshono wako uko mahali pasipofaa. Usogeze karibu na kona na ujaribu upya. Usiupuuze mkunjo huo kwa sababu ni mdogo. Karatasi ya chai itauonyesha mara mbili.

Chora paneli kwenye karatasi ya chai, ongeza milimita 2 kila upande kwa ajili ya pindo, kata kwa wembe mpya. Tengeneza seti mbili, kwani tunaweka tabaka mbili.

## 6. Kuvalisha

Punguza gundi nyeupe kwa maji, nusu kwa nusu. Weka pia gundi isiyopunguzwa pembeni.

Kabla ya yote, kata kijiti na ukitie kati ya miguu ya tao la nyuma, kiizuie isivutwe ndani. Karatasi iliyolowa hutanuka, na ikikauka husinyaa kuliko ilivyokuwa ikitandikwa. Huko kusinyaa ndiko kunakokupa ngozi iliyokaza, na ndiko kunakopindisha paa lisiloshikiliwa.

Anza na paneli za pembeni. Paka gundi nzito kwenye tao la nyuma na ukingo wa upapi wa nyuma peke yake. Laza paneli ikiwa kavu, ivute kwa ncha za vidole, subiri ishike. Hapo ndipo upitishe brashi yenye gundi nyepesi, kutoka katikati kwenda nje. Usirudie rudie, mara moja inatosha.

Paneli ya kati inafuata, ipande juu ya zile za pembeni kwa milimita 1. Mpandano huo ndio mshono wako. Ishike kwanza kwenye upapi wa mbele, iache ikauke hapo, kisha ivute nyuma. Ukishika ncha zote mbili kwa pamoja huna pa kuvuta tena.

Mapindo yakunje chini ya upapi na ukingo wa madirisha ya milango. Ukingo usiokunjwa unaonekana umekatwa kwa mkasi, na ndio unaochanika baadaye.

Liache paa likauke likiwa juu ya gari. Kwa walio Mombasa, Dar au Unguja, msimu wa mvua gundi inaweza kuchukua usiku mzima na zaidi, vumilia. Mashine ya kukaushia nywele isisogezwe karibu: stairini inalainika kwa joto na upapi wako utapinda.

Tabaka la pili linawekwa vile vile, baada ya la kwanza kukauka kabisa. Likiwekwa mapema linalilowesha la chini na kila kitu kinalegea.

Umefaulu ikiwa: ukiligonga paa kwa ukucha linatoa sauti ya ngoma ndogo, matao yanaonekana kama miinuko hafifu, na kati yake karatasi inashuka kidogo sana. Ikizama sana, pitisha brashi ya maji matupu sehemu hiyo na uache ikauke tena. Mara nyingi inakaza yenyewe.

## 7. Matundu ya madirisha

MGB ina dirisha kubwa nyuma na dogo kila pembeni, nyuma ya mlango. Yachore kwa penseli, na uyakate kabla ya rangi. Plastiki itawekwa baada ya rangi.

Tia sponji ndani kuegemeza karatasi. Wembe uwe mpya kwa kila dirisha. Anza kwenye kona: toboa tundu dogo la mviringo kwa ncha ya sindano nene, kisha kata mistari inayounganisha matundu. Kona za madirisha haya ni za mviringo, na kona kali ndiko mpasuko huanzia.

Pitisha gundi nyepesi kwenye kingo zote zilizokatwa. Zikikauka, sugua kwa msasa 1000 bila kukandamiza, vinyweleo viondoke.

## 8. Mishono na vitu vidogo

Kata tepe za karatasi ya chai upana wa nusu milimita, uzibandike juu ya mpandano kwa gundi nyepesi. Utepe mwingine uzunguke kila dirisha. Usijaribu kuchora tundu la kila sindano. Kwa skeli ya 1/24 halionekani, na ukilichora linaonekana kosa.

Vifungo vya kubana vilivyo kwenye kona za nyuma ni matone ya gundi nyeupe isiyopunguzwa, yawekwe kwa ncha ya kijiti cha meno. Yakikauka yanakuwa vinundu vidogo safi. Vitapakwa rangi ya fedha mwishoni.

Upapi wa chuma wa nyuma ni utepe wa karatasi ya fedha ya chokoleti, upana wa milimita 1. Ufanye tayari lakini usiubandike mpaka rangi imalizike.

## 9. Rangi

Toa paa kwenye gari. Upapi wa mbele na wa nyuma viko huru. Kilichoshika ni miguu ya matao. Kata supaglu kwa ncha ya wembe, vuta juu taratibu.

Praima iwe ya vumbi jembamba, mipuliko mifupi, kutoka mbali. Ukilowesha, kiyeyusho kitaingia kwenye stairini na maji yatalegeza gundi nyeupe. Chunguza chini ya taa: praima ya kijivu huonyesha kila unyoya. Sugua, puliza tena.

Rangi nyeusi tupu usiitumie. Kitu kidogo kikipakwa nyeusi kamili kinaonekana shimo. Mishono na matao uliyoyahangaikia yanapotea. Changanya kijivu kizito na tone la kahawia. Kisha ongeza kijivu chepesi kidogo kwenye mchanganyiko huo, brashi iwe karibu kavu, gusa mgongo wa matao na juu ya mishono, kule jua linakochoma zaidi.

Mng'ao nao una maana. Leksini ya MGB si kavu kabisa wala haing'ai. Varnishi ya kati ndiyo inayofaa. Paa la kitambaa, kama la magari ya kifahari, ndilo linalotaka varnishi kavu.

Ndani paka kijivu kizito. Watu husahau, halafu kupitia dirisha la mlango inaonekana karatasi nyeupe ya chai.

## 10. Plastiki ya madirisha, na kufunga

Kata plastiki ya uwazi ikizidi tundu kwa milimita 1.5 kila upande. Ishike kutoka ndani kwa gundi nyeupe, ambayo ikikauka haionekani. Dirisha halisi ni plastiki inayokunjwa pamoja na paa, hivyo ya kwako ikiwa na wimbi dogo usilifukuze. Kioo bapa kabisa kwenye paa hili ndicho kingeshangaza.

Safisha ndani ya gari na vioo vya milango sasa: alama za vidole, vumbi, unyoya. Toa nailoni yote. Rudisha miguu kwenye matundu, angalia upapi wa mbele kwanza, kisha kona za nyuma. Ikiwa mwanya mwembamba umebaki juu ya kioo, chukua uzi mweusi uliopitishwa kwenye gundi nyeupe, uulaze ndani ya mwanya kwa kijiti. Gari halisi lina mpira hapo, kwa hiyo utaonekana ulikusudia.

Bandika utepe wa fedha nyuma, paka vifungo rangi yake.

Kama unataka paa la kutoka na kuingia, usigundishe miguu; msuguano wa matundu unatosha, na tone dogo la gundi nyeupe katikati ya upapi wa mbele linabanduka kwa maji unapotaka. Likiwa nje, lihifadhi juu ya kipande cha sponji kilichokatwa kwa kigezo kile kile cha kadi, ndani ya boksi lililofungwa. Likiachwa mezani mahali penye unyevu, matao hayatabadilika ila karatasi italegea. Ikitokea, pitisha maji kwa brashi upande wa ndani, rudisha paa juu ya gari, acha likauke hapo.